Magoti ya Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu amenizidi umri, lakini mama mkwe akija kwetu Wandegeya, yeye hupiga magoti kumwamkia na kuinuka kama msichana. Siku moja mimi nilifika nusu, nikashika meza. Nikajitetea kisomi: mwilini mna vimeng'enya vinavyobomoa tishu zilizochakaa ili mpya zijengwe, ila vyangu vinabomoa gegedu la goti upesi kuliko linavyojengwa.

"Na mwenzako hana vimeng'enya?" mama mkwe aliuliza.

"Anavyo, mama. Vyake vina adabu."

Mke mwenzangu akacheka, akaniletea kiti. Nikakaa juu peke yangu, nao mkekani wakimenya matoke pamoja, wakinong'ona kwa sauti ambayo ningelazimika kuinama ili niisikie.