Arbia na Majina ya Bula Webi

Arbia Gelle aliingia Bula Webi akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, wakati hapakuwa na nyumba hata moja. Palikuwa na mashamba ya chama cha wakulima, yakishuka hadi ukingo wa Mto Tana: tikiti maji, vitunguu, ndizi, na mifereji iliyochimbwa kwa jembe. Mumewe, Rage, ndiye aliyeendesha pampu ya dizeli.

Rage alipougua mgongo, pampu ilinyamaza siku tatu na tikiti zikaanza kunyauka. Siku ya nne Arbia alijifunga leso kiunoni, akateremka mtoni na kuzungusha hendeli mpaka mashine ikanguruma. Wazee wa chama wakaja mbio.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Tikiti," akajibu.

Kufikia alasiri maji yalikuwa yamefika shamba la mwisho. Kwa miaka kumi na minne pampu ikawa mikononi mwake, na hakuna aliyemuuliza tena.

Kisha yakaja mafuriko ya mwaka wa tisini na saba. Pampu ilizolewa, mifereji ikafukiwa na mchanga, chama kikavunjika. Mashamba yalikatwa viwanja, na walimu, madereva wa malori na wachuuzi wa mifugo wakajenga. Lori la kwanza la mawe lilipopita juu ya vitunguu vyake, Arbia alilia. Halafu akajifuta machozi, akawapelekea mafundi chai ya maziwa, maana walikuwa wamesafiri tangu alfajiri.

Mwaka jana alikuja Shuaib, kijana wa ofisi ya mipango, na ramani yenye barabara tisa zisizo na majina. Wakazi wakakutana katika uwanja wa shule. Kila mwanamume alitaka jina la babu yake.

"Babu yangu alichimba kisima cha kwanza hapa," alisema Salat, mfanyabiashara wa mbuzi.

"Babu yako hakuwahi hata kukanyaga hapa!" akaruka Abdikarim, mwalimu mstaafu. "Alikuwa mbali huko Griftu na ngamia zake."

Ikawa zogo. Shuaib alianza kukunja ramani. Ndipo Arbia, sasa mwenye miaka sabini na miwili, akasimama.

"Fungua karatasi yako, mwanangu. Hapa anapokaa Salat palikuwa na tikiti. Nyuma ya msikiti, ndizi. Kwako, mwalimu Abdikarim, vitunguu. Andika hivyo. Kitunguu hakina ukoo."

Watu wakaangua kicheko. Abdikarim pekee ndiye aliyenuna.

"Ayeyo," akamwita, yaani bibi kwa Kisomali, "kwa nini yeye apate tikiti, mimi vitunguu?"

"Kwa sababu pilau haipikwi kwa tikiti."

Hata Abdikarim akacheka. Mkutano ukakubali.

Asubuhi tatu mfululizo Arbia alizunguka mtaa na Shuaib, akimwonyesha kwa ncha ya bakora mahali mfereji ulipokata kona na mahali ndizi zilipoishia. Wenye nyumba walitoka milangoni kujua walikuwa wamejenga juu ya nini. Mama mmoja alipoambiwa jiko lake liko kwenye tuta la pilipili, aliwaita majirani waje wasikie.

Barabara ya mwisho, inayoelekea mtoni, Arbia aliomba iitwe Barabara ya Pampu. Fundi wa rangi, mgeni kutoka Mwingi, alimsikia akilitaja kwa ulimi wake wa Kisomali, ambao hugeuza P kuwa B, akaandika kwenye kibao kwa herufi kubwa za kijani: BARABARA YA BAMBU.

Shuaib alimsomea Arbia, akaona haya. "Ayeyo, samahani sana. Kesho atafuta, aandike upya."

Arbia alimwomba amsomee tena, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Acha, wallahi. Rage angekuwa hai angeisoma hivyohivyo."

Kibao kikabaki. Wenye tuktuk wanakijua, na wageni wanaodhani bambu ni mianzi na kuuliza iko wapi huelekezwa nyumba ya nne, kwa Arbia, ambako chai haikosekani.