Kutu Kwenye Ndege ya Baba Mkwe

Jumatatu hadi Jumamosi kazi yangu ni kupaka magari rangi, kwenye gereji moja pale Iyunga. Napiga msasa, naondoa kutu, nalirudishia gari la miaka ishirini sura ya ujana. Jumapili, tukishatoka kanisani, nafanya kinyume chake. Nachukua ndege ya plastiki niliyoiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, ndogo ya kuenea kwenye sahani, naichakaza mpaka ionekane imefanya kazi maisha yake yote.

"Siku sita unasafisha, ya saba unachafua," mke wangu huniambia. "Mungu mwenyewe siku ya saba alipumzika."

Ana haki ya kunisema, maana ana saluni na mimi ndiye mwizi wa spray yake ya nywele. Naipaka ndege rangi ya fedha, napulizia spray, halafu juu yake napaka nyeupe. Nyeupe ikikauka, naisugua taratibu kwa brashi yenye maji. Spray ya chini inayeyuka, nyeupe inabanduka vipande vipande na fedha inachungulia, utadhani mvua na jua la miaka kumi vimepita hapo. Wateja wake husuka nywele wakisubiri spray ambayo iko kwenye bawa la ndege.

Pasaka iliyopita nilitaka kumfurahisha baba yake. Mzee anaishi karibu na Tosamaganga, na ujana wake wote aliosha na kujaza mafuta ndege moja ndogo iliyokuwa ikiwapeleka madaktari vijijini. Niliitengeneza ndege ya aina ileile kwa miezi miwili. Niliipiga masizi, nikaibandua rangi, na kwa kuwa kutu ndiyo ninayoijua kuliko kitu chochote duniani, nikaitia kutu ya kahawia kwenye mabawa na tumboni. Nikaona nimemaliza kazi.

Tulisafiri nayo kwa basi, ndani ya boksi la viatu. Tulipofika Chimala, mke wangu alinunua mchele, na kidogo aweke gunia juu ya boksi. Nilipiga kelele mpaka abiria wakageuka.

"Ana mgonjwa humo," mke wangu akawaambia.

Tulipofika, tulisalimiana kwa Kihehe, kamwene, tukanywa chai, kisha nikafungua boksi. Mzee alivaa miwani. Aliigeuza ndege juu, chini, akainusa.

"Mkwe," akasema, "hii ilianguka wapi?"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa khanga.

"Haikuanguka, baba. Ni ile ndege yako. Nimeichakaza iwe kama ilivyokuwa."

"Ndege yangu ilikuwa ya aluminiamu. Aluminiamu inashika kutu ya bati?" Aligonga bawa kwa kucha. "Umepaka Fuso, mwanangu. Halafu ujue, aliyekuwa anaiosha ni mimi. Watu wakiiona hivi watasema nilikuwa nalala kazini."

Masikio yaliniwaka moto. Fundi wa rangi mzima, nimeshindwa kutofautisha ndege na lori! Mke wangu hakunisaidia. Alikuwa ameinamia meza anacheka mpaka machozi.

Kesho yake asubuhi mzee aliniita barazani. Bahati nzuri nilikuwa nimebeba brashi na rangi chache, endapo kitu kingevunjika njiani. Tukaifuta kutu yote kwa pamba na spiriti. Kisha akaanza kunielekeza, kidole kikipita juu ya plastiki.

"Tumboni weka oili, ianzie kwenye injini irudi nyuma. Sio mabaka, michirizi. Upepo ndio unaoivuta. Mbele ya bawa weka madoa ya wadudu waliogongwa angani. Na hapa, penye kifuniko cha mafuta, weka bluu."

"Bluu?"

"Mafuta ya ndege yana rangi ya bluu. Yakimwagika yanaacha doa, hata ukisugua vipi."

Bluu sikuwa nayo. Mama mkwe akaleta ile ya kufulia nguo nyeupe, tukaikoroga kwenye kifuniko cha soda, na doa likatoka kama alivyotaka. Vumbi la magurudumu tulilichota uani, tukalichekecha kwa chujio la chai.

"Miaka yote ile nilifua ovaroli zake hazitakati," mama mkwe akasema. "Leo nimelipiza sabuni yangu kwa kuongeza uchafu."

Nikamuuliza mzee alipanda ndege ile mara ngapi. Akajishughulisha na gurudumu.

"Sikupata nafasi," akasema mwishowe.

"Nafasi!" Mama mkwe aliweka chujio chini. "Rubani alikuja hapa hapa kumchukua, kiti kimoja kilikuwa wazi. Huyu akasema ana mafua. Alilala chini ya blanketi mpaka aliposikia ndege imeruka!"

"Nilikuwa na mafua kweli," mzee akasema, na hapo hata yeye akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimshikie ndege.

Jioni alipita katekista. Mzee aliitoa ndege sebuleni, akamweleza doa la bluu, michirizi ya oili na wadudu wa kwenye bawa, kimoja kimoja. Katekista akauliza ni kazi ya nani.

"Yangu," mzee akajibu. "Mkwe alinishikia brashi."