Jina Lisilokuwepo Mnarani

Siku ya kuzindua mnara wa mashujaa pale Kisarawe, mama yangu alitoka Maneromango alfajiri, amevaa kanga mpya. Baba alifia vitani mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Kitambaa kilipovutwa, mama, asiyejua kusoma, akaniuliza, "Jina la baba yako liko wapi?"

Nikayapitia majina yote. "Mama, halipo."

Akauachia mkono wangu, akamwendea mgeni rasmi. Askari akamzuia.

"Shikamoo, mama," mgeni rasmi alisema, akimwashiria askari ampishe.

"Marahaba. Mume wangu mmemwacha."

Mgeni rasmi akampa kipaza sauti. Mama akalitamka jina la mumewe na la kijiji chake bila kutetemeka. Mimi ndiye niliyelia. Mpaka leo jina hilo halijaongezwa.