Kaa Wangu na Mchumba wa Mtoni

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana haya yalinikuta mimi mwenyewe, kule Pongwe, miaka ya hamsini. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosini.

Nilikuwa mwari wa kuolewa na Salimu, fundi cherehani wa Chumbageni. Nimefichwa ndani, nasingwa mwili kwa liwa la msandali, na amri ya kungwi wangu ni moja: mwari anayenukia liwa hakanyagi nje, majini wasije wakamtamani. Lakini mimi na kaa wa mtoni! Kungwi alipopitiwa na usingizi, nikachukua kikapu, mbio mtoni.

Nimeshakamata kaa mmoja, jike nene, nikasikia, "Mwari, hujambo?" Kijana mrefu amekaa juu ya jiwe, kanzu inachuruzika maji. Mzuri, wallahi, sisemi uongo. Kisha akajilamba midomo, nikauona ulimi: ncha mbili! Kumbe jini wa kenge, amejigeuza mtu.

"Nimefuata liwa lako," akasema. "Leo unakwenda kwetu, chini ya maji." Akachungulia kikapuni, akabenua mdomo. "Na hicho kidude kitupe. Mimi nipo, wewe unahangaika na kaa?"

Hapo hofu ikanitoka, hasira zikapanda. Kaa wangu!

"Usijilinganishe naye," nikamwambia. Nikampindua kaa, nikamwonyesha vitoto vilivyojaa tumboni. "Huyu anatembea upande, lakini wanawe anawabeba mpaka wajiweze. Nyie kenge mnafukia mayai mnakwenda zenu, kisha mnakuja kuiba ya kuku wetu. Nikuzalie wewe?"

Mtanisadiki? Aliona haya. Akainamisha shingo, akateleza majini. Kaa nikamrudisha mtoni na wanawe, nikakimbia nyumbani. Kungwi bado anakoroma.

Nikaolewa, nikaishi na Salimu kwa raha. Lakini mwaka ule ule, nyuma ya jiko letu, kenge mkubwa akaja kulinda mayai yake. Hakuondoka hadi yalipoanguliwa, na kuku wangu hakumgusa hata mmoja. Kila mwaka vivyo hivyo. Salimu akimsifu, mimi najifanya simjui.

Salimu amefariki, Mungu amrehemu. Eda ilipokwisha, yule kenge akahama nyuma ya jiko. Sasa analala mlangoni kwangu.

Kwa hiyo, binti zangu, mkifichwa, fichikeni. Na mkikataa posa, kataeni tu, msimtajie mtu kasoro zake. Akizirekebisha, mtamjibu nini?