Kichwa cha Mshika Bendera

Juzi fundi alikuja kupaka rangi milango yangu. Alipofungua kopo la tapentaini tu, niliacha chai yangu ikapoa. Harufu ile! Wengine hukumbushwa utoto na mahindi ya kuchoma. Mimi, jamani, ni tapentaini. Ilinirudisha Voi, kwenye nyumba za reli, mezani kwa Mjomba Mwadime, katikati ya vita vya Bonapati, yule mfalme wa Wafaransa.

Msinicheke. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa mpaka rangi wa reli miaka ile ya hamsini, nasi tulikaa kwake: mimi, Mama na Bibi. Kabla ya reli alikuwa askari wa Waingereza huko Burma, wakati wa Vita vya Pili. Sasa Mzungu mmoja mpima ardhi alipohama Voi alimwachia sanduku la vijiaskari vya madini ya risasi, kila kimoja urefu wa kidole, vimechubuka hadi vyote vikawa rangi ya panya. Walikuwa Waingereza na Wafaransa wa zamani sana. Mzungu alimfundisha na mchezo wenyewe: unapima mwendo wa jeshi kwa rula, unatupa dadu, na aliyepigwa unamlaza.

Waingereza walikuwa wa Mjomba. Wafaransa walikuwa wa rafiki yake Bwana Athmani, fundi cherehani, Mwislamu wa Taveta. Kila Jumamosi baada ya saa nane walipigana, na mimi ndimi niliyewavalisha askari wao. Mikono ya Mjomba ilizoea kupaka nguzo za signo, zile za kuongoza treni; vidole vyangu vya miaka tisa ndivyo vilivyoweza kupaka mkanda mweupe kwenye kifua kisichozidi punje ya hindi. Koti jekundu tulilipata kwenye mabaki ya rangi ya signo. Macho niliyatia kwa ncha ya mwiba wa mgunga, nimezuia pumzi. Rangi ya buluu ya makoti ya Wafaransa hatukuwa nayo, basi tukachukua buluu ya Mama ya kufulia, tukaikoroga na gundi. Ikapendeza kweli, mpaka siku bati lilipovuja.

"Lahaula! Mwadime, jeshi langu limevuliwa nguo!" alilia Bwana Athmani, na meza nzima imekuwa buluu.

Sheria ya Mjomba ilikuwa moja: "Mkono unaovunja haushiki brashi tena." Nami ningekubali kukosa nyama ya Krismasi kuliko kuikosa brashi ile. Ilikuwa kitu cha kwanza duniani nilichokiweza kuliko watu wazima.

Jumatatu moja nikamvunja mshika bendera.

Kati ya wote, ikawa yeye! Ndiye pekee aliyekuwa na jina. Mjomba alimwita Mwakio, na nilipomuuliza Mwakio ni nani, alinijibu tu, "Mtu wa Wusi," yaani kule milimani kwetu, akaendelea kupanga mizinga. Aliniponyoka, akaangukia sakafu ya saruji, tak! Kichwa kikabaki peke yake, kidogo kama mbaazi.

Ningekitupa chooni mambo yakaisha. Lakini Bibi alikuwa amenisimulia jinsi Wadawida wa kale, watu wetu, walivyofanya: mzee akifa anazikwa, mwaka ukipita kichwa chake kinafukuliwa, kinapelekwa pangoni kukaa na vichwa vya watu wake. "Ambaye kichwa chake hakikurudi kwao anahangaika," alisema Bibi, aliyekuwa hakosi kanisani hata Jumapili moja na hakuona shida yoyote hapo. Basi nikakizika kichwa cha Mwakio karibu na tangi la maji. Mwaka mzima sikuweza kungoja. Nikaamua mwaka wa mtu mdogo hivyo ni siku mbili. Jumatano nikamfukua, nikamwosha, nikamweka kwenye ufa wa jiwe nyuma ya nyumba, upande unaotazama milima. Kiwiliwili nikakificha safu ya mwisho, nikaomba Mungu Jumamosi isifike.

Ilifika. Bwana Athmani aliinama kupima kwa rula, akasita.

"Mwadime, huyu wako anaona kwa mabega?"

Mjomba akamwinua mshika bendera, akamgeuza, kisha akanitazama mimi. Nikaangua kilio, nikasema yote, kuzika, kufukua, kuosha na ule ufa wa jiwe. Bwana Athmani alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye kibao alichokalia. Mjomba hakucheka.

"Nionyeshe."

Alibeba njiti ya kiberiti, kwa maana kichwa kilichokatika hurudishwa hivyo: unatoboa shingo, unachomeka njiti, unatia gundi. Alichungulia ufa ule muda mrefu.

"Ulipomweka ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, Mwakio, sasa umefika kwenu."

Mjomba akavua kofia. Akairudisha njiti kwenye kiberiti, akaniambia, "Mwache hapo." Tukarudi hatua chache ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza, "Na brashi, Mjomba?"

"Brashi ni yako. Acha kulia, utamchekesha Athmani tena."

Kesho yake hakuja kanisani nasi. Alipanda milimani alfajiri, akarudi jioni na ndizi na macho mekundu. Siku chache baadaye nilichungulia ule ufa, nikakuta kifungo cha shaba kando ya kichwa. Nilifurahi kweli. Nilidhani Mjomba amemwekea Mwakio sahani.

Ni Bwana Athmani aliyenieleza, tukitoka kumzika Mjomba, naye mwenyewe ameshakuwa mzee wa mkongojo. Mwakio alikuwa rafiki wa Mjomba, mtoto wa Wusi, na alikufa vitani, akabaki Burma, kwenye ukingo wa mto ambao hakuna hata mmoja wetu angeujua. Mjomba alikata vifungo viwili kwenye koti la Mwakio, akakaa navyo miaka zaidi ya kumi akiogopa kupanda Wusi kumkabili mama wa marehemu. "Jumapili ile ndipo alipokwenda," alisema. "Kimoja alimpa mama. Cha pili unajua alikokiweka."

Mshika bendera ninaye hadi leo, juu ya kabati, koti jekundu na shingo tupu. Wajukuu wangu hunisumbua: Bibi, wewe ni fundi, mbona humtengenezei kichwa?

Nawaambia anacho. Kiko kwao.