Syombua Hataki Kuita Akina Mama kwa Sindano Isiyokuwapo

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Pikapu ya serikali imeegeshwa kando ya mtaro na spika zake zinatetemesha mabati ya ploti, zile safu za vyumba vya kupanga. Syombua Muthama amesimama nyuma ya gari akiwa na fulana mpya ya kampeni ya chanjo, mikono ameikunja kifuani. Afisa mmoja anamnyoshea kipaza sauti. Hakipokei.

"Madam, hawa watu wanakujua wewe. Waite," afisa anamsihi.

"Niwaite waje wapi? Sindano iko?"

"Tunahamasisha kwanza. Chanjo italetwa."

"Basi na mimi nitawaita ikiletwa."

Syombua ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Anabisha milango ya mtaa huu kwa posho ambayo haitoshi kodi ya chumba na inayofika inapojisikia. Watoto humwita daktari. Anajua nani kajifungua, nani kahama, na nani anajificha akimwona anakuja.

Hasira zake hazikuanza leo. Mwaka jana kampeni ya polio ilipita hapa. Syombua na wenzake walikwenda nyumba kwa nyumba: matone mdomoni, wino kwenye kidole kidogo cha mtoto, chaki mlangoni kuonyesha kwamba nyumba imefikiwa. Gari kama hili lilizunguka kutwa likitangaza, "Mtoto mwenye wino amekingwa!"

Amekingwa na nini? Spika haikusema. Aliyetunga maneno hayo alikaa ofisini, akayapenda yalivyo mafupi, akaenda zake kunywa chai.

Akina mama waliyachukua kama yalivyosemwa. Elsie, anayefanya kibarua cha kupakia sabuni katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, hakumpeleka bintiye Lorraine kudungwa sindano ya ukambi alipofikisha miezi tisa.

"Si gari lilisema? Mtoto alikuwa na wino, mlango uko na chaki," anasema Elsie. "Nikajua hiyo maneno ya chanjo nimemaliza."

Syombua aligundua kosa hilo wiki chache tu zilizopita, ukambi ulipoingia ploti ya nyuma. Alipita mlango baada ya mlango akiuliza kuhusu sindano, na mama mmoja baada ya mwingine akamwonyesha chaki.

"Nilikaa chini nikalia," anasema. "Nilichora hizo chaki kwa mkono wangu, na hakuna mtu alikuwa ameniambia watu wameelewa hivyo."

Akambembeleza Elsie aende kliniki. Elsie akaacha kibarua siku hiyo, akapiga foleni na mtoto mgongoni. Alipofika dirishani akaambiwa chanjo ya ukambi imeisha, arudi wiki ijayo. Akarudi. Ilikuwa bado imeisha. Muuguzi, anasema Elsie, aliongea akiangalia meza. Kazini, msimamizi akamwonya kwamba akikosa tena asijisumbue kurudi.

Hapo ndipo mtu anatamani kurusha kitu. Spika zimepatikana. Fulana zimepatikana, tena za rangi mbili. Maafisa wana maji ya chupa kwenye kiti cha mbele. Kilichokosekana ni kitu kimoja, kile ambacho gari zima limekuja kukitangaza. Na bado kesho mtu atasimama kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na kusema kwamba watu wa mitaa ya mabanda wanapuuza chanjo. Bila haya!

"Huyo anayesema tunapuuza aje apige laini na mtoto mgongoni," anasema Elsie. "Mimi nilienda mara mbili."

Muziki unazimwa. Afisa ananyosha kipaza sauti tena, na safari hii Syombua anakipokea.

"Akina mama, ni mimi Syombua. Ule wino ulikuwa wa polio peke yake. Hauzuii ukambi. Ukambi uko na sindano yake na mtoto lazima adungwe. Lakini hiyo sindano leo haiko kliniki. Msiache kazi zenu bure. Nikiiona kwa macho yangu nitawa..."

Sauti inakatika. Afisa amechomoa waya.

"Unatuharibia kazi," anafoka.

Syombua anamrudishia kipaza sauti, anavuka mtaro na kuingia ploti ya kwanza. Yaliyobaki atayasema kwa mdomo wake, mlango kwa mlango, kama alivyozoea.

Jumatatu anapanga kuwaongoza akina mama hadi ofisi ya afya ya kaunti, kila mmoja na mtoto wake. "Hatuendi kupiga kelele. Tutakaa hapo nje mpaka mtu atuambie ni siku gani inakuja. Wakitaka kunifuta kazi, wanifute," anasema. Anachotaka ni Lorraine adungwe kabla ukambi haujamfikia, na muda ni mchache: juzi mtoto wa mlango wa pili kutoka kwa Elsie aliamka na homa na macho mekundu.

Syombua anapofika mlangoni kwa Elsie, anamkuta ameketi kitandani akimnyonyesha binti yake. Mpango huo aliusikia mapema, akaomba ruhusa ya Jumatatu kazini. Amenyimwa.

"Nitakuja," anamwambia Syombua.