Gari Lisilo na Honi

Baba alipunguzwa kazi mwaka ambao shirika la umma alilokuwa akiliendeshea lori liliuzwa. Walionunua waliahidi kulifufua, wakaanza kulifufua kwa kuuza magari yake. Alikuwa ameendesha miaka ishirini na mbili bila ajali. Alirudi nyumbani kwetu Pasiansi, Mwanza, na leseni yake ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na tabia ya kuamka alfajiri kwenda kukagua gari ambalo halikuwepo. Alizunguka uwanja mara moja, akainama kutazama kama kuna mafuta yaliyovuja, kisha akaingia ndani kunywa chai. Mama hakumuuliza kitu. Mimi niliuliza, nikaambiwa ninyamaze.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu wanafunzi tuligoma, chuo kikafungwa, kila mtu akapewa waranti ya treni arudi kwao. Nilifika Mwanza na begi la vitabu na ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Nilimuuliza padri kwa nini misa ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili. Nilimuuliza mama kwa nini dagaa waanikwe juu ya jiwe letu wakati jiwe la jirani linapata jua zaidi. Alijibu kwamba jiwe la jirani ni la jirani.

Kisha kiwanda kipya cha minofu ya sangara kikatangaza nafasi moja ya dereva. Baba alipiga pasi shati, akaenda. Alirudi ameshika kofia mkononi kama mtu aliyetoka msibani.

"Lori lenyewe halijafika," alisema. "Liko bandarini Dar, linasubiri karatasi. Kwa hiyo tutapimwa kwa gemu."

"Gemu gani, baba?"

"Ya mkononi. Kama redio ndogo, ina kioo. Ndani ya kioo mna gari. Ijumaa saa tatu."

Mama alikuwa anachambua dagaa. "Na wakitaka mpishi? Watampa picha ya ugali asonge?"

Meneja, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje, aliwaeleza hoja yake. Katika gemu hiyo dereva anarushiwa makombora. Anayeweza kukwepa makombora ataweza kukwepa mashimo ya kutoka Usagara hadi Shinyanga. Nilitafuta makosa katika mantiki hiyo usiku kucha, nikapata sita. Asubuhi nilimsomea baba yote sita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe una maswali, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake wa Nansio. "Mimi nina umri wa miaka hamsini na moja. Nikiikosa hii, sitashika usukani tena. Nitafutie hiyo gemu nijifunze."

Nilikwenda kwa jirani anayeuza mitumba. Alikuwa amefungua belo la makoti, akakuta mashine ya namna hiyo, yenye gemu hiyohiyo, ndani ya mfuko wa koti la mtoto, na kwa kuwa mnunuzi wa koti hakuitaka, alibaki nayo. Aliniazima kwa sharti kwamba nimwambie ni ya nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa chini.

Kioo cha mashine hiyo hakikuwa na taa, kwa hiyo tulijifunzia nje mchana, juu ya jiwe la dagaa. Gari lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, lina bunduki juu ya paa. Barabara ilishuka kutoka juu ya kioo, na magari ya adui yalishuka nayo yakipiga risasi. Kitufe kimoja kilikuwa cha mafuta, kingine cha bunduki. Nilimwonyesha baba. Aliigeuza mashine, akaitazama nyuma na ubavuni.

"Honi iko wapi?"

"Haina honi."

"Haina honi, ina bunduki. Trafiki gani alilipasisha hili?"

Alianza kuendesha. Alishika kushoto kama sheria inavyotaka. Huko ilikotengenezwa gemu hiyo bila shaka wanashika kulia, maana magari yote yalikuja upande wa kushoto, uso kwa uso na baba. Aliyapisha. Alisimama pembeni yapite, yakampiga akiwa amesimama.

"Baba, piga wewe kwanza!"

"Nimpige dereva mwenzangu? Kanikosea nini?"

"Anataka kukuua!"

"Labda breki zimekufa. Hujui."

Gari lililipuka. Baba akatafuta kitu miguuni pake, kisha pembeni ya jiwe, na nikaelewa anachotafuta. Huku kwetu gari likiharibika barabarani, dereva hukata matawi na kuyapanga nyuma yake, hatua kadhaa, ili anayekuja apunguze mwendo. Sijui kama imeandikwa popote, lakini dereva asiyeweka matawi huhesabiwa kuwa muuaji.

"Sasa wa nyuma watajuaje?" aliuliza.

"Hakuna wa nyuma, baba. Ni picha."

"Wa nyuma wapo siku zote."

Kwa siku nne alikufa labda mara mia. Hakupiga risasi hata moja. Alhamisi jioni mama alisimama nyuma yetu, akaangalia punje ya mahindi ikilipuka, akasema polepole, "Baba watoto, si lazima uende." Baba alikuwa anafuta kioo kwa leso yake, kama alivyokuwa akifuta kioo cha mbele cha lori.

Ijumaa nilimsindikiza, kwa kisingizio cha kumsomea maandishi ya Kiingereza. Madereva tisa walikaa kwenye benchi nje ya geti la kiwanda, kando ya ua wa minyaa. Meneja alikaa mezani na daftari. Kila mmoja alipewa magari matatu ya ndani ya kioo. Yakiisha, meneja aliandika amefika wapi. Mmoja alifika darajani. Mwingine, kijana mwenye fulana ya timu ya mpira, alivuka daraja, akaangusha helikopta, wenzake wakampigia makofi kama amefunga goli. Kisha akagonga ukuta. Nilimuuliza meneja usaili huu unapima nini hasa. Baba alinifinya.

Baba alikuwa wa mwisho. Alivua kofia, akasema, "Naomba dakika," akaizunguka meza mara moja huku akiikagua mashine. Benchi zima liliangua kicheko.

"Mzee, angalia na upepo wa matairi!"

"Maji ya rejeta, mzee, usisahau!"

Alikaa. Akagusa kitufe cha mafuta kwa ncha ya kidole, gari likasogea upana wa ukucha. Akasimama. Akatazama. Akasogea tena.

"Mzee yuko kwenye msafara wa harusi!"

"Harusi? Huyo amebeba jeneza!"

Hapo niligundua kitu ambacho kwenye jiwe hatukukiona, kwa sababu kule alikuwa anaendesha kwa mwendo wa kawaida. Maadui hawakuwa wakija wenyewe. Waliletwa na barabara. Barabara isiposogea, hatokei mwingine; aliyekwisha kutokea tu ndiye anayepita. Baba alisogea, akasimama, akasikiliza, nadhani alikuwa anasikiliza injini. Gari moja la adui lilitokea. Alijisogeza pembeni kabisa, likapiga risasi zake zote mbele na kupita. "Nenda salama," baba alimwambia.

Robo saa ikapita. Vicheko viliisha, watu wakaanza kupiga miayo. Meneja alitazama saa yake mara tatu. Betri zilikuwa zimefanya kazi tangu asubuhi, na taa ndogo nyekundu ubavuni mwa mashine ilikuwa inafifia. Baba alikuwa hajafika hata kwenye mti wa kwanza. Kisha taa ikazimika, na kioo kikawa kijivu.

Baba aliilaza mashine mezani taratibu. Akainuka, akaenda kwenye ua, akavunja kijitawi cha mnyaa, akajifuta utomvu kwenye suruali yake nzuri. Alirudi akakiweka mezani nyuma ya mashine, umbali wa kiganja. Akafikiri kidogo, akakisogeza mbali zaidi.

"Limezimikia barabarani," alisema.

Hakuna dereva aliyecheka. Yule mwenye fulana ya mpira aliinamisha kichwa. Meneja alikitazama kijitawi muda mrefu, akatazama daftari lake lenye mistari minane ya ajali.

"Hawa wote wameniulia magari matatu matatu," alisema. "Mzee, umebakiza mangapi?"

Baba aligeuka kwangu. "Yote," nilisema.

Bado sijui kama hiyo ilikuwa sababu ya haki ya kumpa mtu kazi. Yule kijana alifika mbali kuliko wote. Nilimwambia baba hivyo njiani. Akasema ni kweli, kijana ana macho mazuri, akinyooshwa atafaa kuwa utingo wake.

Lori lilikaa bandarini miezi mitatu mingine. Kila asubuhi baba alivaa sare, akaenda kiwandani, akazunguka mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya lori hilo. Chuo kilifunguliwa, nami nilikuwa nafunga begi siku tuliposikia mlio mrefu ukipanda kutoka barabarani, ukagonga mawe na kurudi, kisha mwingine, kisha wa tatu.

Mama aliacha dagaa, akanyoosha mgongo.

"Hilo," alisema, "lina honi."